Chuma Laini

Muuzaji aliniambia niipige fremu kwa ukucha nisikie. Nikaipiga. Ikatoa mlio mkavu, kama wa kikombe cha plastiki.

"Hiyo ni kaboni, dada," akasema. "Inameza mtetemo wote. Ukipita kwa mawe unaona ni kama uko kwa lami."

Nikamuuliza kama yeye mwenyewe amewahi kuipitisha kwa mawe. Akacheka, akasema wateja ndio husema hivyo. Nikamuuliza ni wateja gani, na kabla ya hapo walikuwa wanaendesha nini, na matairi yao yalikuwa na unene gani. Alinitazama kama watu wengi wanavyonitazama nikifika swali la tatu.

Ningetoka pale na wasiwasi wangu, niende zangu. Lakini nyuma ya duka fundi alikuwa amefungua mkebe wa solusheni, ile gundi ya kubandika viraka vya mpira wa ndani, na harufu yake ikanifikia kabla sijageuka. Ni harufu kali, tamu kidogo, inayopanda moja kwa moja hadi katikati ya macho. Tulikuwa tumemzika Mama si muda mrefu uliopita, na tangu siku hiyo sikuwa nimelia sawasawa. Nililia hapo, katikati ya duka la baiskeli. Muuzaji akadhani ni bei, akaanza kuniteremshia.

Harufu hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumba yetu kule Kalama, mwaka ambao nilianza kumshuku baba yangu.

Baba alikuwa na blak mamba, kama wanaume wengi wa rika lake: baiskeli nyeusi ya chuma, nzito, yenye keria pana nyuma ambapo gunia la mahindi lingeweza kukaa bila kulalamika. Mwaka huo alianza kumbeba Mama kwa keria hiyo, kumpeleka hadi barabara ya lami, ambako Mama alipanda gari la kwenda hospitali mjini. Kutembea ule mlima kulikuwa kumemshinda. Pikipiki zilikuwa zimeanza kuonekana, lakini vijana waliziendesha kama wanaofukuzwa, na Mama alizikataa kabisa.

Hakuna aliyeniambia anaenda kutibiwa nini. Kwetu mimba haitangazwi kwa watoto, na inatangazwa kidogo zaidi ikiwa zilizotangulia hazikufika. Nilikuwa mtoto pekee katika boma lile, na nyuma ya migomba kulikuwa na mahali nilipokatazwa kucheza. Nilipouliza kwa nini, Susu, yaani nyanya yangu mzaa baba, alisema kuna nyoka. Nilikwenda na fimbo kumtafuta huyo nyoka. Sikumpata. Nilipata tu mawe yaliyopangwa vizuri kiasi kwamba hayangeweza kuwa yamejipanga yenyewe. Kuanzia hapo nikawa nasikiliza kila kitu wakubwa walichosema, na kukiweka kando hadi nitakapokihakikisha.

"Mama ana nini?" nikamuuliza Susu.

"Ana mgongo."

"Kila mtu ana mgongo."

"Mwende, nenda ukafungie mbuzi."

Basi mjomba wangu Kimeu, kaka yake Mama, akaja kutoka Athi River, ambako alishona nguo kwenye viwanda vya EPZ. Alikuja na baiskeli mpya imefungwa juu ya basi, ya rangi ya fedha, yenye matairi membamba na magumu. Aliishusha kwa mkono mmoja mbele ya watu wote, akaizungusha hewani kama mtu anayemchezesha mtoto.

"Shemeji, hiyo yako ni trekta," akamwambia Baba. "Hii ni aluminiamu. Hii ndiyo wanatengenezea ndege."

"Ndege haipiti kwa haya mawe," Baba akasema.

Susu aliikaribia akaigonga kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio. "Ni tupu ndani," akatangaza.

"Susu, hata ya chuma ni tupu ndani!"

"Hiyo sijaigonga," Susu akamjibu, na huo ukawa mwisho wa mjadala upande wake.

Kimeu ndiye aliyempeleka Mama safari iliyofuata. Alikuwa ameifungia keria mpya, na alijisifu njia nzima kwamba watafika kabla hata mate hayajakauka. Waliporudi jioni, Mama alishuka akashika nguzo ya ghala la mahindi, akakaa ameishika hivyo, midomo imepauka, jasho limemtoka juu ya mdomo. Susu alimwingiza ndani akafunga mlango. Usiku kucha hakuna aliyecheka katika boma lile, na asubuhi Baba alikuwa ameketi kwenye jiwe mlangoni, macho mekundu. Mama alilala kwa siku kadhaa, miguu imeinuliwa juu ya gunia la maharagwe. Mgongo gani, nilijiuliza, unatibiwa kwa kuinua miguu?

Safari iliyofuata ilikuwa ya Baba, kwa blak mamba. Mama alirudi akiwa anaongea. Aliomba chai, akaimaliza, akaomba nyingine.

"Ni chuma," akamwambia Susu, mbele ya wanawake wawili waliokuwa wamekuja kumwona. "Chuma ni laini. Ile ya Kimeu inanigonga hadi kwa meno."

Maneno hayo yalitoka pale yakaenda kanisani, yakatoka kanisani yakaenda sokoni. Nami nikaenda ghalani, nikachukua jembe, nikajigonga goti kwa bapa lake. Chuma hakikuwa laini. Nilijigonga tena kuhakikisha. Kisha nikagonga sufuria ya aluminiamu kwenye goti la pili. Sufuria ndiyo iliyokuwa na huruma kidogo. Kwa hivyo Mama alikuwa amekosea, au alikuwa anadanganya, na sikuona sababu ya mtu kudanganya juu ya chuma.

Nikaanza kuichunguza ile baiskeli.

Asubuhi ya safari nyingine nilitoka mapema kufungulia kuku. Nikasikia mlio nyuma ya jiko, mwembamba, mrefu: *fsss*. Nikachungulia. Baba alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu la nyuma, anatoa upepo. Alisimamisha ule mlio kwa kidole, akalibonyeza tairi kwa gumba, kama Mama anavyobonyeza parachichi sokoni kujua kama limeiva. Akatoa tena kidogo. Akabonyeza. Kisha akainua kichwa akasikiliza upande wa nyumba, kama mwizi, akaisukuma baiskeli hadi mlangoni akamwita Mama kwa sauti ya kawaida kabisa.

Jioni hiyo walirudi na pancha. Na safari iliyofuata, pancha. Baba angeketi na karai la maji, aubonyeze mpira ndani ya maji akitafuta mapovu, kisha afungue solusheni, na ile harufu ijae uani. "Miiba," angesema bila kuulizwa. "Hii njia imejaa miiba." Majirani wakipita walimtania: "Baba Mwende, hiyo bado ni tyubu, ama ni viraka vimeshikana mikono?" Naye alicheka nao, lakini hakuinua uso.

Nilikuwa najua ninachokijua. Mtu anatoa upepo mwenyewe asubuhi, halafu jioni anasingizia miiba.

Kilichobaki ni kujua kwa nini. Hilo nililisikia jikoni, nikiwa nimejifanya nimelala kwenye mkeka karibu na moto. Baba alikuwa anaongea na Susu, na sauti yake ilikuwa imeshuka hadi mahali sikuwa nimewahi kuisikia.

"Mimi siwezi kubeba mwingine, mwaitu," alisema. Mwaitu ndivyo alivyomwita mama yake. "Sitaweza. Nikibeba mwingine kwenda kule nyuma, nitabaki huko."

Susu aliinamia moto. Alisukuma kuni tu.

Leo ninajua ni nani alikuwa anazungumziwa, na kwamba kule nyuma ni kwenye yale mawe ya migombani. Lakini nilikuwa mtoto, na neno nililoondoka nalo ni moja: kubeba. Baba alikuwa amechoka kumbeba Mama. Hakutaka afike hospitali. Alikuwa anaiua baiskeli polepole, kila safari kidogo, ili siku moja isimame kabisa, na hakuna atakayemlaumu kwa sababu njia yetu kweli ina miiba. Ushahidi wote uliingia mahali pake. Sijawahi tena, hata chuo kikuu, kuwa na nadharia iliyokamilika namna ile.

Niliuliza Jumapili, baada ya kanisa, wote tukiwa tumezunguka sinia la muthokoi, yale mahindi ya kukoboa, na Kimeu yupo.

"Baba, mbona unatoa upepo kwa baiskeli ukitaka kumpeleka Mama?"

Mikono yote ilisimama. Kimeu ndiye aliyeongea kwanza. "Anatoa nini?"

"Upepo. Nyuma ya jiko. Anaficha."

"Shemeji?" Kimeu alikuwa ameshafuta mikono. "Dada yangu anabebwa na tairi zimelala?"

"Ilikuwa imejaa sana," Baba akasema.

"Imejaa sana! Mmesikia? Tairi inajaa sana! Kwa hivyo hizo pancha zote ni wewe. Siku moja mtaangushwa huko kwa mawe, utuambie ni miiba!"

"Kimeu, kula," Mama akasema.

"Sili! Kama umechoka na yeye, sema. Nitampeleka mimi."

Nilimtazama Baba ili ajitetee. Nilitaka sana ajitetee. Alikuwa na maneno, niliyaona yakipanda shingoni, kisha akayameza pamoja na muthokoi. Kimeu alitoka nje akachukua pampu, akajaza matairi yote mawili huku akihesabu kwa sauti kama mtu anayempiga mtu, mpaka yakawa magumu kama gogo. "Hivyo ndivyo utampeleka," akasema, akigonga tairi kwa kiganja. "Na nitakuwepo kuona."

Na siku ya hospitali alikuwepo. Alisimama mlangoni mwa boma, mikono imekunjwa, akiangalia Mama akiketi kwenye keria juu ya leso aliyoikunja. Tumbo lake sasa lilikuwa kubwa kiasi kwamba hata ile habari ya mgongo ilikuwa imeachwa. Baba alikanyaga pedali. Nikasikia keria ikipiga kelele kwenye jiwe la kwanza, na uso wa Mama ukajikunja.

Niliwafuata kwa kupitia ndani, nyuma ya ua wa mkonge. Nilikuwa na mpango: Baba akifanya lolote, nitapiga kamsa.

Walipopita kona, ambapo Kimeu hakuweza tena kuwaona, Mama alimgusa mgongoni. Baba akasimama. Mama akashuka pole pole, mkono chini ya tumbo, akainama kadiri alivyoweza, akalibonyeza tairi la nyuma kwa gumba. Akatikisa kichwa. Baba akachuchumaa. *Fsss*. Mama akabonyeza tena, akatikisa tena kichwa. *Fsss*. Mara ya tatu hakutikisa. Alishika bega la Baba, akapanda, wakaenda.

Sikupiga kamsa. Niliketi chini ya mkonge nikiwa nimechanganyikiwa kabisa. Kama wote wawili walikubaliana, basi Mama naye hakutaka kufika. Nilikaa pale siku nzima, nikaacha hata chakula. Nilikuwa nimejiambia kwamba nikiondoka hawatarudi.

Walirudi jua likiwa limeanza kuingia nyuma ya vilima. Tairi lilikuwa limelala kabisa. Baba alikuwa anasukuma, Mama ameketi juu, na rimu ilikuwa inasaga mawe kwa sauti iliyonitia uchungu wa meno. Lakini Mama alikuwa anakula njugu karanga, anatupa maganda, na Baba alikuwa anacheka kitu alichoambiwa. Waliponiona, Mama aliniinamia akanipa njugu zilizobaki.

"Umelia?"

"Hapana."

"Vizuri," akasema. "Hata mimi sikulia."

Mtoto alizaliwa wakati wa mvua, mwenye sauti kubwa, akaitwa Musyoka, jina tunalompa anayerudi. Na Susu akamwambia kila aliyekuja kumwona kwamba chuma ndicho kilichomfikisha. Hapo ndipo imani ilipoota mizizi. Hadi leo, upande ule wetu wa mlima, mama mjamzito habebwi kwa baiskeli ya aluminiamu. Nimesikia watu wakieleza kwa undani jinsi chuma kinavyonyonya mtikisiko na aluminiamu inavyourudisha, na wengine wameongeza habari za damu. Kimeu alimuuzia mwalimu mmoja ile yake. Mwalimu alibeba mke wake nayo miaka mingi na wakazaa bila shida. Hakuna aliyeenda kumuuliza mwalimu.

Mimi nilikwenda chuo kikuu, na moja ya vitu vya kwanza nilivyotaka kuvihakikisha ni goti langu. Nilifunga fremu mbili kwenye karakana, ya chuma na ya aluminiamu, nikazitundikia uzito mahali pa kuketi. Zote mbili zilikataa kupinda kwa kiasi ambacho jicho lingeona. Umbo lile la pembetatu ni gumu upande wa juu na chini, iwe umelitengeneza kwa chuma, aluminiamu au hiyo kaboni ya muuzaji. Kisha nikaweka gurudumu na kubonyeza tairi. Tairi lilishuka waziwazi. Nikatoa upepo kidogo, likashuka zaidi. Nilisimama pale na pampu mkononi, nikasikia upya ule mlio wa nyuma ya jiko.

Nilipiga simu nyumbani siku hiyo hiyo.

"Mama, haikuwa chuma. Ilikuwa ni upepo."

"Mwende," akasema, "wewe umewahi kukalia hiyo keria na mimba?"

"Hapana, lakini nimepima."

"Haya. Mimi nilikalia."

Nikaomba nipewe Baba. "Ni chuma," Baba akasema, na akaniuliza kama ninakula.

Sikuwaamini, lakini sikuwa na cha kuwabana nacho. Nilichoona utotoni ni ushahidi wa mtoto aliyewahi pia kuamini kuna nyoka kwenye migomba. Na siwezi kuapa hata sasa kwamba upepo ule ndio uliomwokoa Musyoka. Mimba hushika au hutoka kwa sababu ambazo hata madaktari huzikisia. Labda angefika hata kwa pikipiki. Hilo nalo nimelikagua mara nyingi, na halinipi usingizi wala halininyimi.

Sikununua kaboni. Nilinunua ya aluminiamu, yenye matairi manene, na baada ya wiki chache nikaenda nayo nyumbani, kumwona Baba. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapalilia kando ya njia alisimama akashika kiuno. "Mwende! Hiyo si ni ile ya kugonga?" Nikamwambia bado naipima.

Nilipofika nilitaka kuingiza kuku, nikakuta mlango wa banda umefungwa kwa ukanda wa mpira mweusi, uliokatwa kutoka tyubu kuukuu. Mama alikuwa anafungia kila kitu kwa mipira ile: kuni, mlango, mpini wa jembe uliolegea. Nilianza kuufungua, vidole vikapita juu ya viraka. Nikaugeuza upande wa mwanga. Viraka vilikuwa viwili viwili. Jozi moja, nafasi, jozi nyingine, vimekaa kando kwa kando kama macho.

Mwiba hutoboa tundu moja. Matundu mawili yaliyo sambamba hutokea mpira unapobanwa kati ya jiwe na rimu, na haubanwi hivyo mpaka tairi liwe laini sana kwa mzigo lililobeba. Kila jozi ilikuwa safari. Kila jozi ilikuwa karai la maji, na jirani anayepita na utani wake.

Baba alikuwa uani akichambua mbaazi kwenye ungo. Amezeeka ghafla tangu Mama aondoke. Niliketi karibu naye, nikamwekea ule ukanda mapajani.

"Baba, miiba ya huku inatoboa mara mbili mbili?"

Aliushika. Gumba lake likatembea juu ya viraka kimoja kimoja, bila haraka, likarudi tena mwanzo.

"Mama yako alisema ni chuma," akasema.

"Alikuwa anajua si chuma. Niliwaona kwa kona."

"Najua ulituona. Mguu wako ulikuwa nje ya mkonge." Akaukunja ukanda kidoleni. "Watu walikuwa wanauliza mbona mwanamume anaendesha tairi zimelala. Walinicheka hadi sokoni. Na angekuja mtu mwingine kama mjomba wako, na pampu. Sasa mama yako akawaambia ni chuma. Wakaacha kuangalia tairi, wakaanza kuangalia fremu."

"Na mimi, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba ninaogopa?" Alirudisha mkono kwenye mbaazi, akatupa ganda. "Halafu akaendelea kusema hivyo miaka yote. Ningeanza kubishana naye?"

Niliondoka jioni, nikitaka kufika lami kabla ya giza. Baba alinisindikiza hadi mlangoni mwa boma, akaizunguka baiskeli yangu, akaigonga fremu kwa kifundo cha kidole kama Susu, akaguna.

"Utapitia kwa mawe?"

"Ndiyo."

Musyoka alikuwa anatoka kuchunga, ametuzidi sote kwa urefu, fimbo begani. Alimkuta Baba amechuchumaa kando ya gurudumu langu la nyuma, na ule mlio mwembamba umeanza.

"Baba! Mbona unamtolea upepo?"

"Imejaa sana," Baba akasema, akabonyeza kwa gumba, akatoa tena kidogo.